Keki ya Muhogo Iliyopotea Njiani

Kila Jumatano Irakoze akitoka shule alikuwa na kazi yake. Alivua sare, akala kiporo cha maharage, akanawa mikono, kisha akapeleka kikapu.

Kikapu chenyewe kilikuwa cha bibi yake, Bibi Epifania. Kilisukwa kwa nyasi ngumu na kilikuwa na mfuniko uliochongoka juu. Ndani yake Bibi aliweka chochote kilichokomaa shambani: viazi vitamu, ndizi, maharage mabichi au muhogo. Irakoze alikibeba kichwani, akafuata barabara ya Kabanga mpaka kwenye nyumba ya kanisa. Hapo waliishi Mzee Anselmo na mkewe, Mama Lurdi.

Hawa walikuwa wamisionari kutoka nchi ya Brazili. Walikuwa watu wazima, wajukuu wanao. Kwao Mzee Anselmo alikuwa fundi bomba, na Mama Lurdi alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Walipostaafu hawakutaka kukaa barazani na kuota jua. Walifunga mizigo wakaja Kasulu. Mzee alizunguka kwenye makanisa na shule akitengeneza matangi ya maji ya mvua. Mama alifundisha watoto nyimbo na namna ya kunawa mikono. Wakipata nafasi waliwasha gari lao la zamani, wakaenda kutembea na kutazama nchi.

Na walijua kutazama! Mzee Anselmo alipiga picha matanuri ya matofali. Alipiga picha baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi. Siku moja alimpiga picha mbuzi wa Bibi Epifania mpaka mbuzi mwenyewe akampa kisogo.

"Mzee huyu," Bibi alisema akicheka, "akikosa cha kupiga picha atapiga kivuli chake."

Walipofika mara ya kwanza, watoto wa mtaa walimletea Mzee Anselmo mpira. "Mzee, si unatoka Brazili wewe? Hebu tuonyeshe!" alisema Dadi, mvulana anayesoma darasa moja na Irakoze. Mzee akarudi nyuma, akaja mbio, akapiga. Mpira ukabaki palepale, kiatu kikaruka mpaka juu ya bati. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyemwogopa.

Mama Lurdi naye aliwashangaza akina mama. Walidhani hajui muhogo ni kitu gani. Alichukua kisu, akamenya upesi kuliko wote. "Kwetu pia tunakula muhogo," alisema. "Mama yangu alinilea kwa muhogo." Hapo urafiki wake na Bibi Epifania ukaanza.

Mara ya kwanza kupelekewa kikapu, Mama Lurdi alikiosha vizuri akakirudisha kitupu. Bibi hakununa. Alijifunga kanga yake, akaenda mwenyewe kumweleza.

"Mama Lurdi, usinielewe vibaya. Huku kwetu kikapu cha jirani hakirudi kitupu. Ukikosa kabisa, tia hata chumvi kidogo, hata kipande cha sabuni. Kikirudi kitupu, mwenye kikapu ataelewa kwamba umemchoka, asilete tena."

"Asante kunifundisha," Mama Lurdi alijibu. "Mimi sitakuchoka." Na kweli, kikapu hakikurudi kitupu tena.

Basi, mwezi wa nane wazee hao walikuja nyumbani na habari njema. Jumamosi wangekwenda Kibondo. Kulikuwa na tangi la kanisa huko lililokuwa likivuja, na baada ya kazi walitaka kuona wafuga nyuki.

"Nyuma kuna nafasi mbili," alisema Mzee Anselmo. "Moja ya Bibi, moja ya Irakoze."

Bibi alipiga makofi kwa furaha. Mdogo wake, Bibi Jeanne, aliishi Kibondo. Walikuwa hawajaonana tangu Irakoze alipoanza darasa la kwanza, kwa sababu Jeanne alisumbuliwa na magoti na Bibi hakuweza kupanda basi peke yake. Siku hiyohiyo alitoa kitenge kipya sandukuni na kusaga unga wa mtama ambao Jeanne aliupenda. Akafunga furushi, akaliweka karibu na mlango kana kwamba safari ni kesho. Irakoze naye aliota mizinga ya nyuki usiku kucha.

Jumatano ile Irakoze alipeleka muhogo. Wa wiki iliyopita ulikuwa umekwisha kuwa kitu kingine kabisa.

"Mwambie Bibi muhogo wake unarudi nyumbani," alisema Mama Lurdi akifunika kikapu. "Ni keki ya kwetu, ya muhogo na nazi. Nimeipika kwa ajili yake."

Keki ilikuwa bado ya moto. Harufu ilipita kwenye mfuniko, ikashuka puani kwa Irakoze, ikamfuata njia nzima. Karibu na kisima aliwakuta Dadi na Nasma, binti wa Mzee Gharibu mwenye duka.

"Unanukia nini wewe?" aliuliza Dadi.

"Keki. Ya Bibi."

Nasma akainua pua. "Hiyo ni nazi ya dukani kwetu! Mama Lurdi aliinunua jana, mimi ndiye niliyempimia sukari. Kwa hiyo lazima nionje."

"Na muhogo ni wa shamba lenu," Dadi akamwambia Irakoze. "Ina maana nusu ni yako tayari. Hebu onja, usiwe mwoga."

Irakoze alikitua kikapu. Akavunja pembe moja, ndogo tu. Ilikuwa tamu, laini, inayeyuka mdomoni. Akawapa wenzake. Pembe moja ikiwa imevunjika keki haipendezi, kwa hiyo wakavunja ya pili ili zilingane. Kisha ya tatu. Mwisho kikabaki kipande cha katikati, kidogo kama kiganja, nacho kilikuwa aibu kumpelekea mtu mzima. Wakakila.

"Sasa utamwambia nini Bibi?" Nasma aliuliza akijifuta mdomo.

Irakoze alikung'uta makombo, akafunika kikapu.

Nyumbani Bibi alikipokea kwa mikono miwili, kama kawaida yake. Akafunua. Akatazama ndani muda mrefu.

"Mama Lurdi amesema nini?"

"Hakusema kitu," alijibu Irakoze akitazama miguu yake.

"Hakusema kitu kabisa?"

"Ndiyo, Bibi."

Bibi alikitundika kikapu ukutani. Kabla ya giza kuingia Irakoze alimwona akilifungua lile furushi karibu na mlango. Kitenge kilirudi sandukuni. Unga ulirudi kwenye mtungi.

Kesho yake Bibi alimtuma. "Nenda ukawaambie wale wageni wetu nashukuru, ila Jumamosi nina maharage ya kupura. Sitakwenda."

"Lakini Bibi, maharage yanaweza kungoja..."

"Nenda, mwanangu."

Irakoze alikwenda kama mtu aliyebeba jiwe. Alipotoa ujumbe, Mama Lurdi aliketi kwenye kiti taratibu.

"Hataki kwenda kumwona mdogo wake? Irakoze, keki haikumpendeza?"

Hapo ndipo angeweza kusema. "Ilimpendeza," alisema.

"Basi tumemkosea kitu," Mama Lurdi alimwambia mumewe. "Labda ni vibaya kumpikia mtu muhogo wake mwenyewe. Labda ameona nimemdharau."

"Au ni mimi na ile picha ya mbuzi," Mzee Anselmo alisema. Safari hii hakucheka.

Irakoze aliaga akaondoka mbio. Alitamani sana wazee wale wangemgombeza, lakini walikuwa wakijigombeza wenyewe.

Ijumaa mchana alikuwa uani na Bibi wakipura maharage. Simu ya Bibi ikaita. Bibi hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake huongea kwa sauti ambayo hata kuku husikia.

"Dada yangu!" ilikuwa sauti ya Bibi Jeanne kutoka Kibondo. "Mtafika saa ngapi? Nimetandika kitanda. Nimemwomba jirani jogoo. Nimemwambia kila mtu kanisani kwamba dada yangu anakuja!"

Bibi akajibu, "Sitakuja, Jeanne."

"Yoo! Unaumwa?"

"Siumwi. Wale wageni wamenichoka. Kikapu kimerudi kitupu. Angekuwa hajui ningesema hajui, lakini nilimfundisha mwenyewe kwa mdomo wangu. Nitapandaje gari la mtu aliyenichoka?"

"Si umuulize?"

"Utamuulizaje mtu kwa nini hakukupa? Hiyo ni kudai."

Kisha Bibi Jeanne akasema kwa sauti ndogo, "Haya, dada. Basi kitanda nitakitandua."

Irakoze aliangusha fimbo ya kupuria. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Bibi, usikate simu! Hakikurudi kitupu! Kilikuwa na keki. Mama Lurdi alikupikia keki ya muhogo wako, nikaila mimi na Dadi na Nasma. Tena alisema nikwambie muhogo unarudi nyumbani. Na jana akaniuliza, nikamdanganya na yeye."

Bibi alimtazama. Maganda ya maharage yalikuwa yamemganda Irakoze usoni pamoja na machozi.

"Yote mliimaliza?"

"Yote."

"Ilikuwa tamu?"

Irakoze hakutegemea swali hilo. "Tamu sana, Bibi."

"Hmm," alisema Bibi. Akarudisha simu sikioni. "Jeanne, kitanda usikitandue." Kisha akainuka, akajikung'uta, akashusha kikapu ukutani. Alikijaza maharage mapya mpaka juu. "Chukua. Twende. Mimi nitasalimia tu. Maneno mengine yote ni yako."

Njia ilikuwa ileile ya kila Jumatano, lakini siku hiyo Irakoze aliiona ndefu. Walipofika, Mama Lurdi alitoka nje na unga mikononi.

"Mwakeye," Bibi alisalimia kwa Kiha, akanyamaza kama alivyosema.

Irakoze alipiga goti. Aliyasema yote, tangu harufu ya nazi mpaka uongo wa jana. Hakuwataja Dadi na Nasma kwanza, alijitaja yeye. Alipomaliza, Mama Lurdi alifunika uso kwa mikono, na mabega yake yakatikisika. Irakoze alidhani analia. Kumbe alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Nilikesha nikifikiri nimemtukana rafiki yangu," alisema, akamkumbatia Bibi.

"Na mimi nilifikiri umenichoka."

"Na mimi nilitaka kumwomba mbuzi radhi!" Mzee Anselmo alidakia kutoka dirishani.

Mama Lurdi akamgeukia Irakoze. Hakuwa akicheka tena. "Nimekusamehe. Lakini muhogo haujikuni wenyewe. Nawa mikono."

Jioni ile Irakoze alikuna muhogo mpaka vidole vikauma. Dadi aliposikia, alikuja mwenyewe na kuni. Nasma aliomba nazi kwa baba yake, akaeleza sababu bila kuficha, akaja akaikuna. Keki ilipoiva hakuna aliyeomba kuonja.

Jumamosi asubuhi waliondoka. Irakoze alipakatishwa kikapu chenye keki na Bibi mwenyewe.

"Wewe ndiye utakayekishika mpaka Kibondo," Bibi alisema.

"Mimi, Bibi?"

"Nani mwingine? Mbeba kikapu wangu ni wewe."

Harufu ilikuwa ileile, na safari ilikuwa ndefu. Mzee Anselmo alisimamisha gari kila mara apige picha: vilima, ng'ombe, watoto wakiuza uyoga uliokaushwa, mizinga ya magogo iliyotundikwa juu ya miti. Kila gari liliposimama, Irakoze aliweka viganja vyote viwili juu ya mfuniko.

Bibi Jeanne alikuwa amesimama barabarani na fimbo yake, magoti bado yakimsumbua. Dada hao wawili walishikana wakalia, wakacheka, wakasalimiana salamu ndefu za Kirundi, lugha ya utotoni mwao, mpaka Mzee Anselmo akasahau kupiga picha. Kisha Bibi Jeanne akafunua kikapu.

"Yoo! Safari yote hii, na hakuna aliyeonja hata pembe?"

Wote walimtazama Irakoze, wakaangua kicheko. Naye akacheka, ingawa masikio yalimwaka moto.

Bibi Epifania alimvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Keki ingesahaulika. Mtoto kula keki ni jambo la kawaida. Lakini uliponificha, mimi nilimfikiria vibaya mtu mwema, naye akajitafutia kosa ambalo hana, na huyu Jeanne akataka kutandua kitanda. Ungeniambia Jumatano, ungegombezwa kidogo na tungelala vizuri sote. Siku nyingine ukikosea, njoo uniambie siku ileile."

"Nitakuambia, Bibi."

Bibi Jeanne alikata keki. Kipande cha kwanza alimpa Irakoze, kwa kuwa ndiye aliyekibeba kikapu. Irakoze alikipokea kwa mikono miwili. Hakukila. Aligeuka, akampa bibi yake.

"Hiki ni chako cha Jumatano, Bibi."

Bibi Epifania alitafuna polepole, amefumba macho. "Kumbe ni tamu kweli," alisema. "Hukunidanganya hapo."

Jumapili walipokuwa wakirudi Kasulu, kikapu kilikuwa tena mapajani mwa Irakoze. Ndani yake Bibi Jeanne alikuwa ametia chupa ya asali.