Kushoto kwa Nani?

Asubuhi Paskazia alipalilia kibanja chake kijijini Izigo, akachota maji, akamnywesha mwanawe uji. Uji ulirudi wote. Buberwa alikuwa amerejea kutoka visiwani kwenye uvuvi, amebaki mifupa. Mwaka ule wa 1987 kila mtu aliujua ugonjwa huo wa kukondesha, na kila mtu aliogopa kuutaja. Sasa Buberwa alikuwa akiharisha kwa siku ya tatu.

"Maji yamemwisha mwilini," alisema mganga wa zahanati. "Akipata dripu leo, atainuka. Lakini hapa sina. Iteni gari la hospitali."

Paskazia hakujua kuandika. Jirani yake Lameki alishika kalamu.

"Andika hivi, waitu," Paskazia alisema kwa heshima ya Kihaya. "Wakipita kanisa la Walutheri, waingie kushoto. Nyumba ya tatu."

Kondakta wa basi aliifikisha barua hospitalini Bukoba. Gari halikuwapo, lilikuwa limepeleka mgonjwa Muleba. Dereva wake, Projestus, akaitwa kwa redio ya upepo, akasomewa barua neno kwa neno. Akaja mbio. Alipolipita kanisa aliingia kushoto, kama alivyoambiwa. Alizunguka migombani muda wa saa tatu, akiulizia, kwa barua isiyotaja jina, nyumba ambayo upande ule haikuwapo. Alipofika kwa Paskazia, Buberwa alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Mlikuwa wapi?" Paskazia alipiga kelele. "Nilisema kushoto!"

"Niliingia kushoto, mama."

"Kushoto ni huku!"

Projestus alivua kofia. "Ukitoka Bukoba, ndiyo. Mimi nilitoka Muleba. Kushoto kwako kulikuwa kulia kwangu."

Paskazia alimchukia dereva, akamchukia Lameki, kisha akajichukia mwenyewe, na chuki hiyo haikuisha. Watu walimfariji, "Ugonjwa ule hauponi, angekufa tu." Maneno hayo yalimchoma. Angekufa, sawa, lakini si siku ile.

Baada ya msiba alijiunga na darasa la watu wazima la Mwalimu Klaudia. Siku ya kwanza aliuliza, "Mwalimu, niseme vipi, ili anayetoka Bukoba na anayetoka Muleba wafike nyumba moja?"

Klaudia aliwatoa wote nje. "Tazameni kule ziwani, jua linakochomoza. Huko ni mashariki. Mgongoni mwenu ni magharibi. Mkono wa kushoto ni kaskazini, ndiko Bukoba. Mkono wa kulia ni kusini, ndiko Muleba. Haya, geukeni! Kushoto kwenu kumehama. Je, ziwa limehama?"

"Halijahama!"

"Basi mwelekezeni mgeni kwa kitu kisichohama."

Miezi minane baadaye, jirani yake Zuena alishikwa na uchungu, akatokwa damu nyingi. Safari hii Paskazia aliandika mwenyewe: "Kwenye kanisa la Walutheri, ingia upande wa mashariki, ziwa liliko. Nyumba ya nne, upande wa kaskazini wa njia." Gari lilikuja moja kwa moja, tena kutoka Muleba. Jioni Zuena alijifungua salama.

Projestus alipomrudisha mzazi nyumbani, alimwambia Paskazia, "Mama, sikuuliza mtu hata mmoja."

"Najua. Nililisikia gari likija bila kusimama." Paskazia alimtazama mtoto mchanga, macho yakamjaa machozi. "Neno lenyewe nalijua tangu utoto, mwanangu. Kila Krismasi tunasomewa kanisani, mamajusi walitoka mashariki. Nikadhani ni neno la Biblia tu. Hakuna aliyeniambia kwamba na nyumba yangu iko mashariki."