Harufu Aliyosingiziwa Bibi

Kila asubuhi bibi alikaa mwisho wa kochi refu, karibu na dirisha. Pale alipata mwanga wa kushonea vifungo vya sare za wajukuu. Mkwewe, ambaye ni msusi, alisuka wateja katika chumba hicho hicho cha mbele. Mwanawe, mwashi, alirudi jioni na vumbi la saruji kichwani, akaambiwa asikanyage zulia. Paka wao dume walimwita Karani, kwa sababu alikagua kila mfuko ulioingia ndani.

Walielewana. Msusi alimsuka mama mkwe wake kila wiki bila kuombwa.

Msimu wa mvua ulipofika, harufu ikaanza. Mteja mmoja aliziba pua kwa leso, akasema ana mafua. Mwingine aliondoka na hakurudi tena. Msusi alipiga deki. Alipulizia manukato. Alimwagia kochi dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na hewa ikawa kali mpaka yeye na bibi wakatoka nje wakikohoa. Harufu ilitulia kidogo, kisha ikarudi.

Siku moja aliinama akanusa kochi, sehemu moja baada ya nyingine. Ilizidi pale mwisho, karibu na dirisha. Mahali pa bibi.

Kesho yake alitandika nailoni pale.

"Hii ya nini, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Ya kuzuia vumbi, mama."

"Vumbi la wapi? Mvua imenyesha wiki nzima."

Msusi aliinyoosha nailoni. Kisha akasema maneno aliyokuwa ameyabeba moyoni. "Mama, mtu akizeeka mwili humshinda. Si aibu. Lakini useme tu, tukununulie nepi."

Bibi aliweka sindano chini. "Sijajikojolea," alisema taratibu. Akamtazama mwanawe aliyekuwa mlangoni. Mwashi aliinamia viatu vyake, akaanza kubandua saruji iliyoganda kwenye soli.

Bibi hakugombana na mtu. Alijikaza kisabuni. Jioni hiyo alikunja nguo zake, akasema amemkumbuka binti yake anayeishi upande wa pili wa mji. Mwashi alimbebea mfuko.

Siku chache zikapita. Mwashi alikuwa anakula akaacha, akaweka kijiko kwenye sahani.

"Mama hayupo," alisema. "Na harufu ipo."

Msusi alikuwa ameisikia tangu asubuhi. Aliogopa tu kuitaja.

Jirani yao alikuwa dobi, mwanamke mcheshi aliyefua mashuka ya nyumba za wageni. Alipokuja kuchukua mapazia, alisimama katikati ya chumba, akavuta pumzi.

"Jirani, paka wenu anajisaidia wapi?"

"Kwenye beseni la mchanga, uani."

"Uani, na mvua hii? Beseni limekuwa bwawa. Hata wewe usingeingia humo."

Dobi alisogeza kochi kutoka ukutani. Nyuma yake na ubavuni, upande wa dirisha, kulikuwa na michirizi ya njano iliyokauka.

"Tazama doa lilipo," alisema. "Paka dume hurusha mkojo akiwa amesimama, ndiyo maana umepiga ubavuni, ukanywea kwenye sponji. Mtu hakojoi ubavuni mwa kochi, labda awe fundi wa sarakasi."

Dobi alicheka. Msusi hakucheka.

Wakaanza kazi. Dobi alichanganya siki na maji baridi, nusu kwa nusu, akajaribu kwanza kwenye kona iliyofichika aone kama kitambaa kitachuja rangi. Hakikuchuja. Wakalowesha doa mpaka ndani ya sponji, wakaliacha kwa muda.

"Dawa ya kung'arisha usiitumie kabisa," dobi alieleza. "Ikikutana na mkojo inatoa hewa yenye sumu. Maji ya moto nayo hugandisha doa. Na usisugue, unausukuma mkojo ndani. Kandamiza kwa kitambaa kikavu mpaka kinyonye."

"Nilipulizia manukato."

"Manukato yanakudanganya wewe, paka hayamdanganyi. Akinusa mkojo wake anajua choo ni hapa, anarudi."

Walifuta ukuta na sakafu nyuma ya kochi kwa maji yale yale ya siki. Jua lilipotoka walianika matakia nje, pande zote mbili. Yalipokauka, wakanyunyiza soda ya kuokea keki, wakaiacha usiku kucha, asubuhi wakaikung'uta.

"Ikibaki harufu, rudia," dobi alisema. "Duka la dawa za mifugo pia huuza dawa maalumu ya mkojo wa wanyama. Beseni liwekeni pasiponyeshewa, mtoe uchafu kila siku. Na Karani mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Paka akiacha choo chake, huenda anaumwa."

Msusi alikuwa bado anakandamiza kitambaa ambacho hakikuwa na maji tena. "Nilimwambia mama avae nepi," alisema.

Dobi aliinua ndoo yake. "Hilo sina sabuni yake, jirani."

Daktari alimkuta Karani na ugonjwa wa kibofu, akampa dawa. Alipona. Beseni likawekwa barazani, penye paa. Harufu iliisha, na wateja wakarudi kukaa bila leso.

Mwashi na mkewe walikwenda kuomba radhi. Mwashi aliongea kwanza. "Mama, nilikujua si mtu wa kusema uongo, na nikanyamaza."

Msusi alipiga magoti. "Nilikusingizia, mama. Alikuwa paka."

"Yamekwisha, wanangu," bibi alisema. Akauliza hali ya Karani.

Mwezi uliofuata alirudi nyumbani. Chumba kilikuwa safi, dirisha wazi. Bibi alisimama mlangoni, akauliza, "Nikae wapi?"

Msusi alimshika mkono, akamkalisha mahali pake, naye akakaa kando yake. Siku hizi bibi anashona, anasukwa, anacheka na wajukuu. Lakini kila anapoinuka, hugeuka, akapitisha kiganja pale alipokuwa amekaa, kuhakikisha pamekauka.

Msusi humwona, na kila mara huinamisha macho.