Chungu Alichokirudisha Mama Mkwe

Asubuhi ya sikukuu ile nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani, nafunga mchele wa kunata kwa majani. Kwetu Anshun mchele huo huchanganywa kwanza na majivu ya mabua ya mpunga, kwa hiyo mikono yangu ilikuwa ya kijivu hadi viwikoni. Binti yangu Xiaoman, wa miezi saba, alikuwa amelala kwenye mbeleko mgongoni. Mkononi nilimfunga uzi mpya wa rangi tano, kama wanavyofungwa watoto wote siku hiyo ya tano ya mwezi wa tano. Mvua ya kwanza ikinyesha, uzi hukatwa ukatupwa kwenye maji yaendayo, na maradhi ya mwaka huondoka nao.

Mama mkwe alikuwa anatundika mlangoni pakanga, majani machungu ya kufukuza maradhi. Na kama kila mwaka, alianza kusimulia habari za chungu.

Niieleze hapa, maana bila hiyo yaliyofuata hayana kichwa wala miguu. Kwetu ukiazima chungu cha kuchemshia dawa, hukirudishi. Mgonjwa wako akipona unakaa nacho mpaka mwenye chungu akifuate, siku atakapokuwa na mgonjwa wake. Kumpelekea chungu ni kumpelekea maradhi. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua.

Mume wangu Desheng alipokuwa na miaka sita alishikwa na kikohozi cha damu. Mama mkwe akaazima chungu kwa jirani yake wa siku hizo, mjane aliyeitwa Rao Xiuju, katika Kichochoro cha Kisima Pacha. Kilikuwa chungu cheusi, mkono wake umefungwa waya wa shaba. Mwezi mzima dawa zilichemka, mtoto hapati nafuu. Basi asubuhi ya sikukuu kama hii, mama mkwe alikibeba kikiwa bado cha moto, na makapi ya mizizi ndani yake, akakiweka kwenye kizingiti cha Xiuju, akaondoka bila kubisha hodi.

Desheng alipona. Xiuju alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka mitano. Siku ya kumi na tisa wakamzika binti huyo, uzi wake wa rangi tano ukiwa bado mkononi.

"Wengine wataita ukatili," mama mkwe alipenda kumalizia. "Mimi naita akili." Kisha akanitazama mimi na mbeleko yangu. "Wewe umetuletea msichana. Tungoje, huenda akili ikaja na wa pili."

Niliendelea kufunga mchele. Miaka mitatu ya ndoa sikuwahi kumjibu. Nilipojifungua alinilisha mboga za majani siku thelathini, bila yai hata moja kati ya yale apewayo mzazi, nami nilikula. Hata Xiuju, walisema, hakutamka neno siku ya mazishi. Aliitazama tu mikono ya mama mkwe, kwa muda mrefu. Baadaye alihamia kwa dada yake mji mwingine, akafia huko miaka kumi na moja iliyopita.

Saa nne tulitoka kwenda kutembeza maradhi. Siku hiyo mji wetu wote hutembea kwa miguu, ili magonjwa ya mwaka yadondoke njiani. Unatoka kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Ukishaanza, hugeuki nyuma. Ukigeuka, yote uliyoyadondosha yanakufuata.

Tulivuka daraja la mawe. Tukapita wachoraji wa vitambaa vya buluu, wanaovipaka nta kabla ya kuvitia rangi, tukapita vibanda vya tambi ambako watu walikula wamesimama. Mama mkwe alitembea mbele, mimi hatua tatu nyuma yake. Kwenye kona, mzee Ke muuza pakanga alimwita.

"Mama Desheng, mwaka huu unatembeza maradhi, au maradhi ndiyo yanakutembeza?"

"Uza majani yako," mama mkwe akamjibu bila kusimama, "kabla hujayala mwenyewe, mbuzi wewe."

Watu walicheka. Hata mimi nilitabasamu, nikainamisha kichwa asinione.

Kwenye Mnara wa Ngoma tulikuta kamba. Mafundi walikuwa wameng'oa mawe ya barabara, shimo limekaa wazi kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma ilikuwa njia tuliyojia. Kushoto kulikuwa na uwazi mwembamba kati ya nyumba mbili. Kichochoro cha Kisima Pacha.

Mama mkwe hakuwa amekanyaga humo kwa miaka ishirini na mitano. Alisimama. Nikamwambia taratibu kwamba tungeweza kungoja wafukie.

"Wafukie leo?" akasema. "Twende. Ni mawe tu na kuta."

Tukaingia.

Jua lilikuwa utosini, hatukuwa na vivuli. Milango mingi ilikuwa imepigiliwa mbao, kwa sababu mtaa ule unangoja kubomolewa. Nyuma yetu nilisikia ngoma za sikukuu. Tulipovipita vinywa viwili vya kisima, sikuzisikia tena. Sikusikia hata viatu vyetu.

Harufu ikaja kwanza. Mizizi michungu, iliyochemka muda mrefu.

Mlango mmoja ulikuwa wazi. Kwenye kizingiti alikaa mwanamke, nywele zake zimechanwa vizuri, aproni safi. Alikuwa ameshika chungu mapajani. Cheusi. Mkono wake umefungwa waya wa shaba.

"Xiuju," mama mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Yule mwanamke akainuka. Hakuwa na haraka. Alizungumza kama jirani anayepita kuomba chumvi.

"Mama Desheng. Nimesikia umepata mjukuu wa kike. Nimekuletea chungu kabisa, usije ukahangaika kuazima."

Akakinyoosha mbele kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Mvuke ulikuwa unapanda. Ndani niliona makapi, bado yanatokota, na hapakuwa na moto.

Mama mkwe hakunyoosha mikono. Alisogea pembeni. Alisogea mpaka mimi nikawa mbele yake, mimi na mbeleko yangu. Kisha nilihisi kiganja chake begani, kinanisukuma.

"Pokea wewe, mwanangu," akaninong'oneza. "Mimi mikono yangu imejaa."

Alikuwa ameshika tawi moja la pakanga.

Hakuwahi kuniita mwanangu. Siku ile aliniita, ili nipokee kifo cha binti yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Xiaoman aliamka mgongoni. Hakulia. Nilihisi kichwa chake kikigeuka kumtazama yule mwanamke.

Nikaweka mikono yangu nyuma, chini ya mtoto.

"Aliyeazima ni wewe, Mama," nikasema.

Ndiyo maneno niliyosema. Sikupandisha sauti. Yule mwanamke alinitazama kwa mara ya kwanza, halafu akamtazama mama mkwe, na akatabasamu. Mama mkwe akaangusha pakanga. Akageuka. Nikamsikia anakimbia, kurudi kule kule tulikotoka.

Alikuwa amegeuka nyuma.

Mimi sikuweza kusogea. Yule mwanamke alikuja karibu, akapita ubavuni mwangu hadi nyuma ya bega. Baridi ilinigusa shingoni.

"Ana miaka mingapi?"

"Miezi saba," nikanong'ona.

Nilisikia kitu kikikwaruza taratibu, kama kucha kwenye kitambaa.

"Bado, basi," akasema.

Ngoma zikarudi masikioni mwangu zote kwa pamoja. Mlango mbele yangu ulikuwa umepigiliwa mbao, misumari imeshika kutu, na majani yameota kwenye kizingiti kile alichokalia. Sikugeuka. Nilikwenda mbele mpaka nikatokea barabara kuu, nikazunguka mji mzima hadi nyumbani.

Mama mkwe alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kigoda changu uani, kati ya majani na mchele wa kijivu. Mapajani alikuwa na chungu.

"Nimekikuta mlangoni," akasema. Kisha akakohoa. Akakitazama kiganja chake, akakifuta haraka kwenye suruali.

Desheng alimpeleka hospitali, hawakuona kitu. Akampeleka ya pili, nako vilevile. Alikivunja kile chungu kwa nyundo na kutupa vipande mtoni. Asubuhi kilikuwa jikoni, kizima, cha moto. Desheng hakukigusa tena. Mimi ndiye niliyemuuguza. Nilimpikia vizuri, mayai kila siku, kila mtu mtaani ni shahidi.

Usiku wa kumi na nane alinishika mkono. Alikuwa amebaki mifupa.

"Kirudishe," akaniomba. "Kipeleke kwake. Kipeleke kwa yeyote."

Nikamfunika blanketi mpaka kidevuni.

"Chungu cha dawa hakirudishwi, Mama," nikamwambia. "Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua."

Tulimzika siku ya kumi na tisa baada ya sikukuu. Tuliporudi kutoka makaburini, chungu hakikuwepo jikoni. Na mvua ikanyesha, ya kwanza tangu sikukuu. Nikachukua mkasi nikate uzi wa Xiaoman niutupe mtoni, kama desturi.

Mkononi mwake kulikuwa na nyuzi mbili.

Mmoja ni wangu, rangi zake bado mbichi. Wa pili ulikuwa chini yake, wa zamani, umefifia mpaka rangi tano zimekuwa karibu moja. Fundo lake silijui. Nimewauliza wanawake wote wa mtaa wetu, hakuna anayefunga hivyo. Wangu nilikata. Ule mwingine mkasi haukuuweza, wala kisu, wala moto wa kiberiti.

Xiaoman sasa ana miaka minne. Amenenepa, anakimbia, hajawahi kuugua hata mafua. Kila mwezi mimi humpima nguo mpya, maana anakua upesi. Mkono wake umekua mara mbili, na uzi ule haujawahi kumbana.

Sikukuu ijayo atakuwa na miaka mitano.