Mtoto Aliyekuja Amesukwa

Picha moja tu ndiyo iliyoibwa.

Ukuta wa ofisi ya kuasili watoto ulijaa picha za watoto waliopokewa kutoka ng'ambo, kila mmoja siku aliyoshuka kwenye ndege. Katikati palibaki msumari mtupu. Kitasa hakikuvunjwa. Alama za vidole hazikuonekana.

"Mwizi gani huyu, afande?" koplo alicheka. "Anaacha kompyuta anabeba fremu?"

"Mwizi mwenye ufunguo," Inspekta alijibu.

Picha ilikuwa ya binti ambaye kesi yake ingesikilizwa wiki hiyo. Mwanamke alikuwa amesafiri kutoka alikozaliwa mtoto huyo, akidai ni mwanawe na hakuwahi kumtoa. Ofisi ilishikilia kuwa binti alikuwa yatima, kalelewa katika kituo cha yatima huko kwao tangu uchanga.

Inspekta aliwatazama watoto wengine wa kituo kile ukutani. Wote vipara.

"Huyo naye alikuja amenyolewa, mama?" alimuuliza mkuu wa ofisi.

"Wote, afande. Chawa, si unajua."

Mama aliyemwasili binti alimpokea Inspekta mlangoni, macho mekundu.

"Amenyolewa? Hapana, dada. Alikuja amesukwa. Vimistari vyembamba, vimenyooka. Niliogopa hata kuvifumua. Nikawa najiuliza ni nani aliyemsuka... halafu nikaacha kujiuliza."

Inspekta alirudi ofisini kwa mkuu, akafunga mlango.

"Umenidanganya, mama. Picha iko wapi?"

 Mkuu akavuta droo, akaitoa chini ya sweta. Hakuwa ameweza kuichana.

"Wao wa kituo ndio waliosema hana mtu," alinong'ona. "Sisi huku tulipokea tu."

"Sijauliza habari zao. Nakuuliza wewe."

Machozi yakamtoka.

"Siku aliyoshuka niliinama kumsalimia. Nywele zilikuwa bado zinanukia mafuta. Kituo kizima vipara, huyu mmoja kuna mtu kampakata, kamsuka kwa utulivu, juzi tu. Nilijua ana mtu, afande. Nikasaini. Mahakama ikiiona hii, itaona nilichokiona."

"Mbona siku ile hukuuliza?"

Mkuu alipitisha kidole juu ya kioo, taratibu, kama anayefuata mstari wa nywele.

"Wale wazazi wapya walikuwa wamesimama pale, wameshika mwanasesere, wanatetemeka kwa furaha. Ningeuliza, ningejibiwa."