Mapazia ya Wifi

Fundi alikuwa na cherehani moja, karibu na dirisha la sebuleni. Alishona kutwa. Mumewe, dereva wa lori, aliita kazi hiyo kukaa. Mgongo umemkakamaa, macho yanamwasha, lakini eti amekaa tu!

Jumatatu wifi yake alileta majora mawili ya kitambaa. Alitaka mapazia ya nyumba yake ya kupangisha, madirisha kumi na mawili, yawe tayari Ijumaa. Malipo hayakutajwa. Mume akasema uzi upo na cherehani ipo, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Fundi hakubisha. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake: akisikia neno ndugu, anaanza kupima kitambaa.

Jumanne akaja muuguzi mkuu wa zahanati. Alihitaji makoti ishirini ya wauguzi, Ijumaa hiyo hiyo. Yakishonwa vizuri, kazi hiyo ingekuwa ya fundi kila mwaka. Fundi akajibu kwamba hana nafasi. Muuguzi akampa mpaka kesho afikirie, la sivyo angetafuta mwingine.

Jirani alikuwepo, akingoja zipu ya sketi yake. Alifundisha uchumi kwa watu wazima, na wanafunzi walimwita Mwalimu Kwanini. Alisikia yote, akachukia.

"Kwa nini umemkataa?"

"Nashona mapazia ya wifi. Ni ya bure. Mume wangu anasema hakuna kinachopotea."

"Bure kwa nani? Siku zako ni chache, na mikono ni miwili. Huo ndio uhaba: vitu ni vichache kuliko mahitaji. Hata tajiri ana uhaba wa muda. Kwa hiyo kila mtu huchagua, na kila uchaguzi una gharama yake. Ukishona mapazia, unapoteza makoti. Kile kizuri unachokiacha ndicho gharama ya fursa."

Mume aliporudi, mwalimu hakumlegezea. Alimuuliza: rafiki akiazima lori siku nzima, akaweka mafuta mwenyewe, je, hakuna kinachopotea?

"Kinapotea," mume akajibu. "Kazi zote za siku ile."

"Basi kwa nini cherehani ya mkeo unaihesabu tofauti?"

Mume alikuna kichwa. Aliona haya, na ilimstahili.

Jumatano fundi alikubali makoti, kisha akamwambia wifi kwamba mapazia yatasubiri wiki ijayo, tena kwa malipo. Wifi alifura. Tangu lini ndugu wakauziana?

"Wifi, mdogo wako alipohitaji chumba kwako, ulimpa bure?"

"Kile chumba kina wapangaji. Ningempa yeye, ningekosa kodi."

"Na mimi ningekosa makoti."

Wifi alichukua mkoba wake, akaondoka.

Ijumaa makoti yalifika zahanati, na muuguzi mkuu akampa fundi kazi hiyo ya kila mwaka. Jumatatu iliyofuata wifi alirudi na mkoba wake.

"Haya," alisema, "bei ya ndugu ni ipi?"

"Ni ile inayomwezesha ndugu naye kula."

Wifi akalipa yote.