Jina la Hadassa Katika Orodha ya Ubatizo

Kila asubuhi kabla ya shule, Hadassa alishuka na vidumu viwili hadi robine, bomba la maji la mtaa wao, Butembo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alisoma vizuri, aliimba katika kwaya ya watoto, na alikuwa na mkono mwepesi. Sitamfichia eti kwa sababu ni mtoto wa kanisa. Alipiga. Alipiga wasichana, alipiga wavulana, na siku moja alimng'ata Maliro, jirani yake darasani, hadi mwalimu mkuu akaitwa.

Hakuwa hivyo zamani. Miaka mitatu iliyopita, watu wenye mapanga walimuua baba yake katika shamba la kakao upande wa Beni. Hadassa alikuwa amelala kifudifudi chini ya majani makavu, akasikia yote. Yeye na mama yake walikimbilia Butembo kwa mama mdogo Orpa. Tangu hapo, mtu akimchokoza kidogo tu damu ilimpanda kichwani, na alipopata akili mikono ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Alitamani sana kubatizwa. Lakini katika kanisa lao, Jumapili moja kabla ya ubatizo, mzee wa kanisa huwasoma wanafunzi wa ubatizo kwa majina mbele ya watu wote. Mwenye neno juu ya mmoja wao husimama akalisema. Neno likiwa zito, jina hufutwa, na mtoto hungoja ubatizo mwingine. Jina la Hadassa lilikuwa limefutwa mara mbili. Hii ilikuwa mara ya tatu, na majina yangesomwa Jumapili iliyofuata.

Jumamosi, siku moja kabla ya majina kusomwa, penye robine, msichana wa jirani aitwaye Keren aliondoa kidumu cha Hadassa kwenye foleni, akaweka chake.

"Rudisha bidon yangu," Hadassa alisema.

"Ninyi bakimbizi munatusumbua," Keren alijibu. "Mulituletea vita, sasa munamaliza na maji yetu. Baba yenu banachinjwa, ninyi munakimbia tu."

Hadassa hakungoja mengine. Alikamata kidumu kitupu kwa kishikio chake, akakizungusha kwa nguvu zake zote, kikampata Keren mdomoni. Jino lilikatika. Keren alianguka kwenye tope, Hadassa akamkalia kifuani na kumshindilia ngumi za uso, moja, mbili, tatu, hadi damu ikamchuruzika Keren puani na kumwingia masikioni. Wanawake wawili walimvuta kwa gauni, nalo likachanika begani. Hata alipoinuliwa juu aliendelea kurusha mateke.

Hasira ilipoisha, wanawake walimwachilia. Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Mama Florentine, mwalimu wa darasa la ubatizo, akamkuta analima kabichi zake nyuma ya nyumba.

"Mama, ufute jina yangu."

Florentine alitazama gauni lililochanika. "Umemupiga nani?"

"Keren. Nimemuvunja jino."

Florentine aliegemea jembe. Alikasirika, wala hakujaribu kuficha. "Jino ya mutoto wa batu. Unajua jino kama ile hairudi tena?"

"Ninajua. Ndiyo maana ninasema ufute. Ninaomba kila siku, mais mikono haisikii. Nimechoka kumudanganya Mungu."

"Mimi hapana futa," Florentine alisema. "Kesho Keren mwenyewe atasimama kama anataka. Weye uende kwao leo, jua ikiwa bado juu."

"Batanipiga."

"Pengine batakupiga. Uende."

Hadassa alipofika, Keren alikuwa ameketi kizingitini, mdomo umemvimba. Yaya yake, yaani dada yake mkubwa, Abigaïl, alitoka ndani, wala hakuuliza kitu. Alimzaba Hadassa kofi, kisha la pili, sikio likamlia.

Ningependa kuwaambia kwamba Hadassa alivumilia. Hakuvumilia. Alimsukuma Abigaïl kwa mikono yote miwili, naye akaanguka chali juu ya kuni. Hadassa aliinua mguu ili amkanyage tumboni. Mguu ulikuwa juu tayari alipomwona Keren amejibana ukutani, amefunika kichwa kwa mikono, hata kupumua anaogopa. Hadassa aliujua woga ule. Yeye mwenyewe alikuwa nao chini ya majani ya kakao, na sasa mtu wa kuogopwa alikuwa yeye. Aliona aibu kubwa sana.

Alishusha mguu, akampa Abigaïl mkono. Abigaïl aliukataa, akainuka mwenyewe.

"Keren, nilikuvunja jino. Unisamehe," Hadassa alisema. "Na weye, yaya, nimekusukuma. Unisamehe."

Abigaïl alimvuta Keren ndani, akafunga mlango. Hadassa akarudi nyumbani akilia.

Jumapili, Mzee Ananie alisoma majina. Alipofika kwa Hadassa, Keren alisimama. Hadassa aliinamisha kichwa.

"Alinipiga," Keren alisema, huku maneno yakipita kwa shida penye pengo. "Alinivunja jino. Akakuja kwetu, akasukuma yaya yangu." Kanisa liliguna. "Mais mimi nilimutukana juu ya baba yake aliyekufa. Na aliinua mguu juu ya yaya, akaushusha. Hakuna mutu alimushika. Mimi niliona."

"Sasa tufute jina?" Mzee Ananie aliuliza.

Keren aligusa mdomo wake uliovimba. "Hapana. Mais abebe maji yetu, mpaka kidonda yangu ipone."

Watu wengine walicheka. Mzee Ananie hakucheka. Alimuuliza Hadassa kama anakubali, naye akasema anakubali. Jina likabaki.

Walipotoka, Hadassa alimfuata Florentine. "Mama, na kama banibatize, kisha nipige mutu tena?"

"Sikiliza vizuri," Florentine alisema. "Ulipomung'ata Maliro, ulikaa miezi mbili bila kumuomba samahani. Ile mara ya pili ulikaa wiki mbili. Jana haukumaliza hata siku moja, na ule mguu uliushusha ukiwa bado hewani. Donc, ni kusema unakua. Unakua pole pole, na kwa aibu, mais unakua. Mukristo anaanguka, mwanangu. Ubaya ni kulala pale chini na kusema bafute jina yangu. Ukianguka, simama, urudi kwa ule uliyemuumiza, siku ileile, na umuombe Mungu akusaidie kesho."

"Na jino?"

"Jino haitarudi. Utaiona pengo ile kila Keren akicheka, na hiyo ni haki."

Wiki nzima Hadassa alibeba maji ya watu wa kwa Keren. Siku ya Jumatano Abigaïl alimwita mjinga mbele ya watu; Hadassa aliweka kidumu chini, akakunja ngumi, kisha akazikunjua, akakibeba tena.

Jumapili iliyofuata mchungaji alimzamisha mtoni. Alipotoka, maji yakimtiririka na meno yakigongana kwa baridi, mtu wa kwanza kumnyooshea kitenge ajifute alikuwa Keren.