Mkono wa Kabatini

Lifti ya jengo iligoma saa mbili asubuhi, na watu wakajazana ukumbini wakilalama. Mpima macho wa ghorofa ya nne alikuwa ameshavua viatu vyake vya visigino, tayari kukabili ngazi, alipokiona kitabu kikichungulia kwenye mfuko wa fundi wa lifti: jalada jeusi, mkono wa kijani ukitoka kabatini.

“Fundi, hicho kitabu kilinikojoza kitandani hadi darasa la nne.”

Fundi akageuka. Ovaroli yake ilikuwa safi ajabu kwa mtu wa grisi. “Nimekipata jana kwa muuza vitabu vya mitumba. Nilikuwa nacho utotoni; hiki sijakifungua, nauchelewesha utamu. Lakini dada, kilikukojoza vipi? Mkono wenyewe mwema.”

“Mwema?”

“Unawafunika watoto shuka wakilala.”

“Labda wewe ulisoma cha dini.”

Lifti ilipona, ila mazungumzo hayakukoma. Kwa miezi miwili fundi alipiga simu kila saa saba mchana.

“Bibie, umekula?”

“Nakusubiri wewe.”

“Basi utakonda.”

Jumapili moja, sebuleni kwa fundi, wakakifungua kitabu. Mpima macho alikisoma kwa sauti nzito ya kutisha, akijifurahisha. Ukurasa wa kumi na mbili, mkono uliwavua watoto shuka na kuwaburuta kabatini, mmoja mmoja. Hakuna aliyerudi.

“Sicho hiki,” fundi alisema. “Mama alinisomea utoto wangu wote.”

“Mama huwa anasema amesahau miwani?”

“Kila mahali. Benki, hospitali. Kwa nini?”

“Basi hajui kusoma, mpenzi. Kazini nawaona wa namna hiyo kila wiki. Alikuwa anaangalia picha, anatunga.” Akacheka kidogo, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

“Mama yangu si wa kuchekwa,” fundi alisema polepole, akaenda kumfungulia mlango atoke.

Wiki tatu nzima simu ya saa saba haikuita. Mpima macho alijuta mpaka chakula kikamshinda. Alikuwa amesema kweli, lakini kweli ile haikuwa yake kuisema, na sasa ilielekea kumkosesha mtu aliyempenda kuliko alivyowahi kukiri.

Alhamisi, saa saba kamili, simu ikaita.

“Niko mlangoni kwako,” fundi alisema. “Nimemleta mama apimwe macho.”

Mama aliingia na gauni la buluu lililopigwa pasi, mkoba kaukumbatia kifuani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Miwani nimesahau.”

Mpima macho aliuondoa ubao wa herufi, akatundika ule wa alama zenye miguu mitatu. “Nionyeshe kwa kidole tu, miguu imeelekea wapi.”

Mama akaonyesha juu, kulia, chini, hadi mstari mdogo wa mwisho.

“Macho yako mazima, mama.”

“Najua. Miwani sijawahi kuwa nayo.” Akatoa kitabu mkobani. “Huyu kaniuliza, nimemwambia. Sasa nisomee, nijue waliandika nini.”

Safari hii mpima macho alisoma kwa sauti yake ya kawaida. Mama alisikiliza kwa utulivu mpaka mtoto wa mwisho alipoburutwa.

“Kumbe,” alisema. “Mimi niliona mkono, shuka, na mtoto kalala. Nikasema unamfunika. Mkono ungefanya nini kingine?”

Fundi alijifuta machozi kwa kiganja bila kujificha. “Nilikukasirikia wewe,” alimwambia mpima macho, “kumbe ilikuwa aibu yangu. Miaka yote hiyo sikuona. Nisamehe.”

“Nisamehe na mimi. Nilicheka.”

“Mtasameheana vizuri baadaye,” mama alisema. “Wewe binti, Jumamosi uje nyumbani unifundishe. Huyu nimejaribu naye, hana subira. Tuanze na jina langu. Siku mtakayofunga ndoa nataka niwe shahidi, na sitaki kuweka dole gumba.”

Fundi alitazama sakafu kama aliyeangusha kitu.

“Jumamosi saa ngapi, mama?” mpima macho aliuliza.